Anti, niandike yote au mengine nijibakizie?

Wiki hizi mbili barua zimekuja kama zimeambizana. Kila ninayoifungua ni mtu anayeandika maisha yake mwenyewe mtandaoni, watu wanasoma, wanampenda, halafu katikati ya safari anashtuka: akiandika kila kitu anajianika, akificha anajiona tapeli. Nimechagua chache na baadhi nimezikata maana mnaandika jamani, kuna mmoja kaniletea kurasa kumi na moja, humo ndani kuna jina la mume, jina la mwanasheria wa mume na namba ya gari, kwenye barua inayouliza habari za faragha. Nimeifuta mwanangu, usijali, lakini nimecheka peke yangu mpaka nikaulizwa nina nini.

*

*Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto wawili, naandika maisha yangu mtandaoni huu mwaka wa tatu. Nilianza baada ya kuachika, usiku watoto wakilala nachukua simu naandika tu kilichopo moyoni, kumbe watu wanasoma na wengi wananiambia wananipenda kwa sababu mimi si feki. Sasa mwezi uliopita nipo kwenye foleni, akaja mdada simjui kabisa akanikumbatia, akainama kwa mwanangu akamwita kwa jina, akauliza lile jino lilishatoka. Nikacheka Anti, huku mikono inatetemeka. Kufika nyumbani nikaanza kusoma niliyoandika tangu mwanzo, nikakuta nimeandika mpaka saa ninayoingia zamu. Nataka kupunguza ila naogopa, nikipunguza si nitakuwa muongo sasa? Wasomaji watasema nimebadilika. — Si Feki ila Nimechoka*

Marahaba mwanangu, pole na hiyo foleni. Huyo mdada najua hakuwa na nia mbaya, na ndo maana inatisha, kwa sababu umeona kwa macho yako mtu mwema alichoweza kukusanya bila hata kujitahidi.

Kwanza tuondoe hili neno muongo maana ndo linalokutesa. Uongo ni kuniambia ndoa yako asali wakati unalala sebuleni. Ukiamua ndoa huiandiki kabisa hujanidanganya, hujanipa tu, na mimi msomaji sikudai. Kuna Mfaransa mmoja anaitwa Montaigne, mwaka 1580 alitoa kitabu chake ambacho habari yake kuu ni yeye mwenyewe, akaandika mawe yake kwenye figo, akaandika alivyo msahaulifu, mwili wake na uvivu wake, watu mpaka leo wanamhesabu katika waandishi wakweli kabisa waliowahi kushika kalamu. Haya, mtafute mke wake humo ndani. Yupo kama kivuli, anapita. Montaigne alipata mabinti sita na mmoja tu ndiye aliyekua, na vile vifo vyote kavigusa kwa maneno machache sana halafu huyo kaendelea na safari. Zaidi ya miaka mia nne na sijasikia mtu akimwita feki kwa hilo.

Sasa kinachofanya tukuamini ni nini? Ngoja nikuoneshe kwa barua yako hii hii. Umeandika ulicheka huku mikono inatetemeka. Basi, hapo nilikuamini, ningekuamini hata ungeniambia unaishi mwezini. Sikuhitaji jina la mtoto, sikuhitaji kujua foleni ilikuwa ya nini, na hukunipa na wala sikugundua kama hukunipa mpaka nilipoanza kukujibu. Kuna vitu vya kuaminiwa na kuna vitu vya kutafutwa, na watu wengi wanavichanganya, wanadhani wakitoa jina la shule na saa ya zamu ndo wanakuwa wa kweli zaidi. Hapana. Mkono unaotetemeka unanisaidia kukuamini. Saa ya zamu inanisaidia kujua lini haupo nyumbani.

Na usidanganyike kwamba kila kipande ni kidogo. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika mmoja mmoja kwa vitu vitatu tu, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Jina halimo hapo. Sasa wewe umeandika miaka mitatu, birthdei umesherehekea tatu, watoto wawili, umeumwa, umehama nadhani mara moja, kila kipande ulikitoa siku yake na ukasahau, ila msomaji mpya anavikuta vyote vimepangwa kwenye mstari anavisoma kwa jioni moja.

Kwa hiyo fanya hivi, itachosha lakini ifanye. Chukua daftari na kalamu, jifanye mtu asiyekujua na anayetaka kukupata, soma maandishi yako kuanzia la kwanza, kila ukikutana na kitu cha kukutafutia kiandike. Usirekebishe kwanza, andika tu. Ukimaliza angalia ule ukurasa. Wengine wakifika hapa wanafuta kila kitu kwa hasira, wewe usifute, toa yale ya kutafutia: majina ya watoto, sare za shule kwenye picha, saa za kazi, ile picha ya dirishani ambayo nyuma yake jengo la watu linaonekana. Stori ziache zibaki. Utashangaa ukikuta hazijapungua kitu.

Na zile usiku zako usiziache. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili, Pennebaker na Beall, waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku 4 mfululizo waandike jambo lililowaumiza maishani, wengine wakapewa vitu vya juu juu tu. Miezi iliyofuata wale walioandika maumivu yao, jambo lenyewe pamoja na walivyojisikia, walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Lakini shika vitu viwili. Kwanza hakuna aliyeyatangaza, faida waliipata kwenye kuandika, haikuhitaji kusomwa na umati. Pili, na hiki ndo chako kabisa, mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko walivyoanza. Yaani ile saa sita ya usiku ambayo wewe unabonyeza "tuma" ndo saa mbaya kuliko zote za kuamua nini watu wasome. Usiku andika, mchana ndo uchague.

Najua kuna atakayekutupia methali, mficha uchi hazai. Sawa, ni kweli, ila aliyezaa alimvulia mkunga, hakuwavulia waliokaa kwenye benchi nje wakisubiri zamu yao.

Kwa wasomaji waandikie mistari miwili tu bila kuomba radhi: wanangu wamekua, kuanzia sasa hawatakuwemo humu kwa majina wala picha. Atakayekasirika kwa hilo alikuwa anasubiri jino, hakuwa anakusubiri wewe.

*

*Mambo Anti. Mi naandika kuhusu kazini kwetu kwa jina la kubuni, vituko vya ofisi, bosi, wateja, watu wanacheka balaa. Bosi hajui, wanajua marafiki zangu wawili tu na ni watu wa kuaminika. Nipo salama si ndio? — Mtu wa Dawati la Mwisho*

Hujaniamkia, lakini tuendelee.

Haupo salama, una muda tu. Na umeshaniambia dawati lako lipo wapi.

Jina la kubuni si uongo, hilo nikuondolee wasiwasi, watu wameandika kwa majina ya kubuni tangu zamani na wakasema kweli tupu. Shida yake ni nyingine, ni pazia, na pazia lina watu pande zote mbili. Mwaka 2013 J. K. Rowling, yule mwandishi wa Harry Potter, alitoa riwaya ya upelelezi kwa jina la kiume ambalo hakuna aliyelijua, akatulia kabisa, miezi michache tu siri ikawa gazetini. Unajua ilivujaje? Mwanasheria wa kampuni iliyokuwa inamhudumia alimwambia rafiki wa mke wake. Basi, mnyororo ndo huo. Gazeti lilipopata fununu likawapa wataalamu wa lugha maandishi, wakaipitisha ile riwaya kwenye kompyuta wakailinganisha na vitabu vyake vingine, urefu wa maneno, maneno madogo madogo anayoyarudia bila kujua, ikalingana vizuri tu. Kwa hiyo marafiki wawili wa kuaminika wana wenza wao, na wenza wana marafiki, na wewe mwenyewe una namna yako ya kusema "balaa" ambayo wenzako ofisini wanaisikia kila asubuhi.

Mahakama nayo usiitegemee sana. Uingereza mwaka 2009 kulikuwa na askari mpelelezi anaandika kazi yake kwa jina la NightJack, anaandika vizuri mpaka mwaka huo huo akapewa tuzo ya Orwell. Gazeti likataka kumtaja, akakimbilia mahakamani, jaji akakataa kumkinga, akaona kwamba kuandika kwa ajili ya watu wasome ni shughuli ya hadharani. Akatajwa, kazini akapewa onyo la maandishi. Miaka mitatu baadaye ndo ikaja kujulikana kwamba mwandishi wa gazeti alikuwa ameingia kwenye barua pepe yake. Tayari kimeshatokea hapo, utafanya nini.

Na kufukuzwa si hadithi, Heather Armstrong wa Marekani alifukuzwa mwaka 2002 kwa aliyokuwa anayaandika kuhusu kazini kwake, jina la tovuti yake likageuka kitenzi cha Kiingereza cha kumaanisha kufukuzwa kazi kwa ulichoandika mtandaoni. Fikiria kupoteza kazi mpaka ukawa kitenzi. (Baadaye ikawa ndo kazi yake, akaishi kwa kuandika, lakini usiniandikie kuniambia Anti alisema nifukuzwe nitatajirika.)

Mambo ya ufundi haraka haraka. Barua pepe ya jina lako la kubuni iwe peke yake, usiifungulie akaunti kwa namba yako ya simu ya kila siku maana programu nyingi zinasoma orodha za namba kwenye simu za watu halafu zinawapendekeza mfahamiane, bosi anaweza kupendekezewa wewe na picha yako ya katuni. Picha ulizopiga mwenyewe zinaweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, mwaka 2012 John McAfee yule wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta alikuwa mafichoni anatafutwa, jarida lililokuwa naye likaweka picha moja mtandaoni, ndani ya picha kulikuwa na alama za mahali, dunia nzima ikajua yupo Guatemala. Zima lokesheni kwenye kamera. Ukitaka haraka piga skrinishoti ya picha uitumie hiyo, ile alama haiendi nayo, ila kilichoonekana ndani ya picha bado kinaonekana, usije ukasema Anti alikudanganya na kalenda ya ofisi ipo nyuma yako.

Cha muhimu kuliko vyote ni muda. Usiandike kikao cha leo leo. Kiache miezi, changanya na kikao kingine, wakati huo hata aliyekuwepo atakuna kichwa. Na mkataba wako wa ajira usome, kile kipengele cha siri za mwajiri ambacho tunasaini tukiwa na haraka ya kuanza kazi.

Mwisho jaribu hiki: siku bosi akikisoma, na weka akilini kwamba atakisoma, utaona aibu au utaona tu usumbufu? Usumbufu unavumilika. Ukiona ni aibu, hicho kifute leo kabla ya chakula cha mchana.

*

*Anti shikamoo. Binti yangu ana miaka tisa, nimeandika malezi yake tangu nipo na mimba. Juzi nimechukua simu kumpiga picha akasema "mama hii usiandike." Nimeumia sana, ni kama amenikataa. — Mama Kijacho wa Zamani*

Marahaba. Hajakukataa mama, amekuamini, angekukataa angenyamaza akaenda kukusema kwa wenzake.

Amesema usiandike, usiandike. Sina falsafa ndefu hapa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una kifungu cha 16 kuhusu faragha ya mtoto, na Ufaransa wamekwenda mbali zaidi, Februari 2024 walipitisha sheria inayosema wazazi wote wawili wanailinda haki ya picha ya mtoto na wamshirikishe mtoto mwenyewe kulingana na umri wake na ukomavu wake. Wa kwako keshajishirikisha bila kusubiri sheria ya mtu.

Yale ya zamani mkalie naye siku moja, myapitie pamoja, yeye achague yapi yabaki. Atakushangaza, mengine atayapenda. Mimba iliyombeba andika mpaka uchoke, ule mwili ulikuwa wako.

*

*Habari Anti. Nimeandika kuhusu kaka yangu na pombe. Sikumtaja jina. Nimeandika nilivyokuwa namsubiri usiku nikiwa mdogo, nilivyokuwa namvua viatu. Watu wengi wameniambia kimewagusa. Familia imekasirika vibaya, mama hapokei simu, kaka kaniandikia neno moja tu, "asante", na najua si asante. Nimekifuta. Lakini Anti na mimi si niliishi humo? Hiyo stori si yangu pia? — Mdogo Mtu*

Ni yako. Kile cha mtoto aliyekaa macho na viatu vya mtu mzima mikononi ni chako na hakuna mwenye haki ya kukunyang'anya, wala mama. Lakini kilichokuwa kinaendelea kwa kaka kabla hajafika mlangoni ni chake, siri ya mtungi aijuaye kata. Nadhani wewe uliandika vyote viwili, sijakisoma maana umekifuta, nabahatisha tu kwa sababu na mimi nilishafanya.

Ngoja nikusimulie. Miaka hiyo naanza safu niliandika kisa cha dada yangu na madeni yake. Nikajiona mjanja, nikambadilisha jina, nikamfanya jirani, nikampunguza miaka kumi, nikampa watoto ambao hana. Nikaacha kitu kimoja tu kwa sababu nilikipenda kuliko sentensi zote nilizowahi kuandika: simu ikiita anaitazama, anaiacha iite mara tatu, anavuta pumzi, ndo anapokea. Mtu mwenye deni, unaona. Gazeti likatoka. Jumamosi akaja nyumbani, hakubisha hodi, akakaa, akalikunjua gazeti juu ya meza akalilaza vizuri na kiganja, akaweka kidole kwenye aya ya nne. Hakusema kitu. Tukakaa hivyo. Simu yake ikaita, akaipokea mlio wa kwanza.

Mpaka leo anapokea mlio wa kwanza.

Kwa hiyo ukiniambia "sikumtaja jina" nakuelewa kabisa na nakuambia haikuhusu jina. Watu wa karibu hawatujui kwa majina, wanatujua kwa viatu na milio ya simu, na uandishi mzuri ndo unaokula vitu hivyo hivyo. Ukitaka kuandika kuhusu mtu aliye hai na unayempenda, ulizana naye kabla, umsomee, tena kwa sauti, siyo umtumie link. Akikataa una njia mbili, uiache, au uandike upande wako tu wa mlango, uchovu wako, baridi ya sakafu, kaka aingie kwenye sentensi moja halafu atoke. Mara nyingi hiyo ya pili inatoka nzuri zaidi, ila usiifanye kwa sababu hiyo.

Umekifuta, vizuri, lakini ujue kufuta si kufutika. Kuna Internet Archive, wanahifadhi kurasa za mtandaoni tangu 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuingia akatazama ukurasa ulivyokuwa siku fulani. Ukikikuta huko unaweza kuwaandikia ukaomba kitolewe. Google nao wana fomu ya kuomba matokeo ya ukurasa uliokwisha kufutwa yaondolewe. Skrinishoti kwenye simu za watu hazina fomu. Maji yakimwagika hayazoleki ila unaweza kuacha kumwaga mengine, usije ukaandika kisa kipya cha jinsi familia ilivyokukasirikia, nimewaona wengi wanafanya hivyo na wanaita uponyaji.

Kwa kaka nenda mwenyewe. Usiende na maelezo ya haki yako ya kuandika. Mama atapokea simu siku akisikia umefika kwa kaka, akina mama tunajua kabla hatujaambiwa.

*

*Anti, ukibadilisha vitu ili mtu asijulikane, si ndo uongo wenyewe huo? Nimemgeuza shangazi kuwa mwalimu. — Natafuta Mstari*

Mstari upo. Majarida ya madaktari wanapoandika kisa cha mgonjwa anayeweza kutambulika wanadai idhini yake, na mwongozo wao unasema ukibadilisha kitu ili kumficha hakikisha hujapotosha maana ya kisayansi. Fuata huo huo. Uliza: kisa kinategemea hicho kitu? Kama shangazi alikuumiza kwa sababu ni damu yako, basi ukimfanya mwalimu umebadilisha jeraha lenyewe, hapo umenidanganya. Kama alikuwa tu mtu mzima aliyekufundisha kushona, mfanye mwalimu, mfanye mpangaji, haina neno. Rangi ya gauni badilisha utakavyo. Umri wako wewe ulipofanyiwa jambo usiuguse, na usimgeuze mbaya kuwa mbaya zaidi ili umfiche, huko ndo watu wanateleza, wanasema wanaficha kumbe wanalipiza. Na waambie wasomaji mahali fulani kwamba majina na baadhi ya mambo umeyabadilisha, sentensi moja inatosha, hata juu kabisa.

(Kumchanganya mtu mmoja kutoka kwa watu watatu mimi sipendi. Wengine wanafanya. Nahisi kila mmoja wa hao watatu akisoma atajiona yeye ndiye, kwa hiyo umegombana na watu watatu badala ya mmoja.)

*

*Anti na wewe jina lako halisi nani? Unatufundisha ukweli halafu wewe mwenyewe hatukujui. — Mchokozi*

Hili linakuja kila mwezi, na mwandiko ni ule ule mwanangu, nimeshakujua, acha kujibadilisha jina.

Miaka yote hii mnajua kwamba nililia kwenye harusi yangu mwenyewe, mnajua mguu wangu wa kushoto, mnajua ya dada. Jina mnataka mlifanyie nini? Na hiyo ya dada hapo juu nilimsomea kabla sijaituma, kwa simu, alipokea mlio wa kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia sentensi moja niitoe. Nimeitoa. Ilikuwa nzuri.